Sauti Iliyotoka Kwenye Televisheni za Maili Nne

KITUO CHA POLISI, ELDORET
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Rosebella Ayoo Odera
Umri: Miaka 18
Kazi: Hana. Alimaliza kidato cha nne Novemba 2007
Makao: Maili Nne, Eldoret, ndani ya yadi ya malori
Tarehe na saa: 18 Machi 2008, saa tatu na nusu asubuhi

Jina hilo hapo juu ni langu. Nimekuja mwenyewe, kwa miguu, na hakuna aliyenituma. Baba yangu, Jeconia Odera, alikamatwa jana asubuhi. Ndugu wa marehemu Githinji, dereva wa yadi yetu, anasema Baba aliwauzia watu waliofunga barabara kwa vizuizi njia ambayo lori la Githinji lingepita. Baba hakuuza njia. Aliyeitaja ni mimi.

Baba ni fundi wa redio. Kwa miaka tisa ameendesha redio ya yadi ambayo Bwana Abdirahman, mwenye malori, huitumia kuongea na madereva wake. Tunaishi wawili, chumba cha nyuma ya ofisi. Mimi nimejifunza redio kwa kumtazama, na tangu nimalize shule nilikuwa nikimshikia zamu akienda kula.

Mwezi wa Novemba 2007 madereva walilalamika kwamba wakishapita Turbo hawatusikii. Baba aliishusha antena ya zamani, akakata viungo vilivyoshika kutu, akaweka waya mpya mnene, kisha akainua antena nyingine juu ya bomba la futi thelathini. Mimi nilishika kamba. Tangu siku hiyo tulisikika hadi Webuye. Tulisikika pia kwenye televisheni za majirani, kwa sababu antena zao zina busta, kifaa cha kukuza mawimbi, na ziko karibu na ua wetu.

Jirani tunayepakana naye ukuta ni Mzee Kimutai. Alikuja kulalamika karibu kila jioni, lakini si kwa ubaya. Siku moja alisema, "Jeconia, mtangazaji amefungua mdomo atuambie bei ya mahindi, sauti iliyotoka ni ya Ayoo. 'Turbo, Turbo, unanipata?' Nikamjibu."

Baba akamuuliza, "Na yeye alikupata?"

Wakacheka. Mzee Kimutai akanigeukia akasema, "Huyu hapa salamu tu anaitoa kwa shida. Kwa TV yangu anaamrisha wanaume." Ni kweli mimi si mtu wa kuongea. Kwenye redio ilikuwa rahisi kwa sababu hakuna aliyekuwa akiniangalia.

Mnamo tarehe 15 Desemba 2007, Jumamosi, tulifanya majaribio. Baba alibaki kwenye redio, na kila baada ya dakika tano alibonyeza kipaza sauti akahesabu moja hadi kumi. Mimi nilizunguka nyumba saba, nikakaa mbele ya kila televisheni na kuandika nilichokiona. Nyumba nne zilipata mistari tu kwenye kioo. Nyumba tatu zilitoa sauti, na kila nambari ilieleweka. Daftari hilo nimekuja nalo. Nimemkabidhi afisa.

Baba alisema dawa ipo: fimbo ya shaba ichimbiwe ardhini chini ya bomba, chujio la mawimbi lifungwe kwenye waya wetu, na chujio dogo nyuma ya kila televisheni. Bwana Abdirahman alimjibu, "Mzee, kwanza gari zangu zisikike. TV za watu tutaangalia uchaguzi ukiisha." Kwa hiyo Baba aliweka sheria kwamba barabara zisitajwe kwa jina. Kila moja ilipewa nambari, na karatasi ya nambari ikabandikwa ndani ya kila lori. Njia ya kupitia mji mdogo wa Ziwa ilikuwa nane.

Mnamo tarehe 2 Januari 2008, Jumatano, dereva wetu Githinji alikuwa Turbo. Alikuwa amekwama huko tangu matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa na ghasia kuanza. Chini ya turubai la lori alikuwa na mkewe, watoto wao wawili na majirani sita. Maduka yalikuwa yamefungwa, kadi za simu hazikupatikana, na simu yake haikuwa na salio. Alikuwa na redio tu.

Saa nne na dakika kumi asubuhi dereva mwingine, Lazarus, aliingia langoni akitokea Ziwa. Alimwambia Baba kwamba njia ya Ziwa hadi Chepkoilel haina kizuizi. Baba aliniita kutoka langoni, "Ayoo, mwambie nane. Sema nane tu."

Nilibonyeza nikasema, "Githinji, pita nane."

Akajibu, "Nane ni nini? Hii si gari yangu ya kila siku, karatasi yake imebanduka."

Nikarudia nane. Akasema, "Mtoto wangu, moshi umefika sokoni. Nitajie njia." Nilisikia mtoto akilia nyuma yake, kisha kilio kikakatika kana kwamba mdomo umezibwa.

Ningeweza kumwita Baba. Kutoka ofisini hadi langoni ni hatua arobaini na moja, nimezihesabu baadaye. Sikumwita. Nilisema, "Pita Ziwa, utokee Chepkoilel." Nilisema mara tatu, polepole, kama Baba alivyonifundisha, ili jina la mahali lisikosewe. Githinji akasema, "Sawa, mama. Asante." Nikaandika kwenye kitabu cha redio: saa nne na dakika ishirini.

Lori lilisimamishwa kwa mawe na mti uliokatwa, kabla ya kufika Chepkoilel, saa saba na nusu mchana. Hilo sikuliona. Nimeambiwa na mke wa Githinji, ambaye alinusurika na watoto wake. Anasema mmoja wa watu wa kizuizi alimwambia mumewe, "Umechelewa. Tunakungoja tangu saa tano." Githinji aliuawa, na majirani wanne kati ya wale sita.

Habari zilipotufikia, Baba alifungua kitabu cha redio akasoma. Kisha akauchana ule ukurasa. Aliniambia, "Wewe hukuwa ofisini leo." Hatujawahi kulizungumza tena. Polisi wamemuuliza ukurasa ulikwenda wapi na hasemi. Ulikuwa na mwandiko wangu.

Siku ile watu wote walikuwa majumbani mwao. Nilizisikia televisheni ng'ambo ya ukuta tangu asubuhi. Toka Novemba haikuwahi kupita siku bila mtu kuja kulalamika kwamba tunamharibia. Siku ile tuliongea redioni kuanzia alfajiri hadi saa sita, na hakuna aliyekuja.

Tarehe 23 Februari, kwenye bomba la maji, Mama Hulda, mke wa Mzee Kimutai, alinisaidia kuinua mtungi. Alisema bila kuniangalia, "Ile siku ulitoka vizuri, Ayoo. Hata mkwaruzo haukuwepo."

Nikamuuliza sebuleni kulikuwa na nani. Akasema, "Watu wengi. TV yetu ni kubwa." Akaondoka.

Sisemi kwamba Mzee Kimutai ndiye aliyepiga simu. Sikumwona mtu yeyote akipiga. Ninasema nyumba tatu zilinisikia, na mtu mmoja ndani yake alikuwa na salio.

Wiki iliyopita Bwana Abdirahman alileta machujio na fimbo ya shaba. Baba na mimi tulivifunga kwa siku mbili. Sasa televisheni zote saba ni safi. Mzee Kimutai alitushukuru, akasema sasa wamepumzika.

Sikusema mapema kwa sababu niliogopa kumtazama mke wa Githinji. Bado naogopa.

Hayo ndiyo niliyokuja kuyasema. Nimesomewa yote, nimeyakubali, na sina la kupunguza.

Sahihi: R. A. Odera

MAELEZO YA AFISA: Nimeyaandika haya kama shahidi alivyosema, kwa hiari yake. Alilia mara moja, akaomba tuendelee. Daftari limehifadhiwa kama kielelezo. Saa tano na robo nilimsomea mshukiwa Jeconia Odera maelezo haya ndani ya seli. Tangu jana mshukiwa amekuwa akikana kabisa. Baada ya kusomewa ameomba kalamu, na sasa anasema ni yeye aliyeuza njia. Nimemuuliza aliiuza kwa nani. Hajajibu.

Koplo Wanyama