Kwa Feza, Waliyemwita Mama Fermetire

Mpendwa mkwe wangu Feza,

Nakuandikia mbele ya watu wote kwa sababu walikutukana mbele ya watu wote. Barua mbili nilizowapa wafanyabiashara wa karanga wakuletee Kabambare zilisomwa kwanza na mama yako, kisha na majirani zake, na hadi leo sijui kama zilikufikia. Simu yako inaita, haipokelewi. Basi nimeomba barua hii isomwe redioni, hapa Kasongo na huko kwenu. Imamu wa mtaa wetu ataisoma, na katekista wetu pia. Anayetaka kukasirika akasirike. Atanikuta nimemtangulia.

Nilifundisha biolojia katika shule ya kanisa mpaka nywele zikawa nyeupe, na wanafunzi walizoea kusema kwamba Mama Mwalimu hajui kupandisha sauti. Ni kweli. Mwalimu anayepiga kelele mara nyingi amekosa maelezo. Leo maelezo ninayo, subira ndiyo imeniishia.

Unakumbuka asubuhi aliyozaliwa Riziki? Uchungu ulikuwa umekushika tangu jana yake na mtoto hashuki. Mkunga wa hospitali alikupima, akanivuta kando, akaniambia kichwa kimekaa vibaya na hakiwezi kupita katika mifupa, itabidi upasuliwe. Mambo ya kufanya yalikuwa wazi: usile, usinywe, uwekewe serumu mshipani, watafutwe watu wa kutoa damu, uoshwe tumbo, upelekwe chumba cha upasuaji. Badala yake ukoo wa mume wako ulikaa kikao. Mwanangu Musafiri alikuwa Nyangwe kununua samaki, na wakubwa wakasema kisu hakiingii mpaka yeye arudi, au angalau baba yake mdogo atoke shambani. Na walipokuwa wakimngoja baba mdogo, shangazi Sakina, dada wa marehemu mume wangu, akaingia kwako kwa kazi ambayo mkunga hakumpa.

Wasiotoka kwetu niwaeleze. Kwetu, uchungu ukirefuka kupita kiasi, wako wanawake wanaomwinamia mzazi na kumtaka amtaje mwanaume wa nje aliyelala naye. Wanaamini siri ndiyo inayomfunga mtoto. Wengi wametaja majina ya uongo ili waachwe wapumue. Ndoa zimevunjika kwa majina hayo, na mtoto amebaki pale pale, kwa sababu mfupa hausikii maungamo.

"Sema jina," shangazi alikuambia. "Sema tu, mutoto atoke. Hakuna mutu atakuchapa."

"Shangazi, mwanaume ni mumoja," ulimjibu, meno yameumana. "Na iko Nyangwe, anapima samaki."

"Na mwingine?"

"Mwingine ni huyu iko mu tumbo. Umuulize yeye kama ni mwanaume."

Mkunga alicheka hadi akashika ukuta. Nami nilicheka. Kisha nikatoka nje, nikawaambia wale wazee kwamba mimi ndiye niliyemzaa Musafiri na mkono wangu unatosha. Nikatia sahihi. Binamu wawili wakatoa damu wakinung'unika, ukaingizwa ndani, na kabla baba mdogo hajaonekana njiani nilikuwa nimeshika mtoto anayelia. Alikuwa msichana. Shangazi alipomwona alisema, "Ni muzuri, lakini hakuzaliwa. Walimutoa." Hakupiga kigelegele. Nilipiga mimi peke yangu, vibaya, kwa kuwa sauti yangu ni ya kufundishia.

Siku zilizofuata ndizo ninazopenda kuzikumbuka. Uliniuliza walikukata nini, nami nilifurahi, kwa maana mtu anayeuliza hivyo siku ya pili bado ana akili zake zote. Nilikuchorea kwenye mkono wako kwa kidole. Ngozi hukatwa. Mafuta chini yake hukatwa. Kisha kuna utando mgumu kama turubai, nao hukatwa, lakini misuli ya tumbo husogezwa kando, huku na huku, kama mapazia. Ndani kabisa kuna mfuko wa uzazi, nao hukatwa chini, pale penye wembamba. Baadaye kila kimoja hushonwa kivyake, na kila kimoja hupona kwa mwendo wake. Ngozi ndiyo huwahi, na hapo ndipo watu hudanganyika. Wanaona juu pamefunga, wanadhani na ndani pamefunga.

Nilikufundisha kuinuka kwa kugeuka ubavu kwanza, kisha kusukuma kitanda kwa mkono. Nilikukunjia kikwembe, nguo yako ya kujifunga, ukikandamize penye mshono kila unapotaka kukohoa. Na wauguzi wetu walikuwa wakingoja upepo, maana walisema matumbo yanayotoa upepo ni matumbo yaliyoamka, na hapo ndipo mgonjwa hupewa uji. Wodi nzima ilikungoja. Ulipofaulu, yule mama wa kitanda cha dirishani alipaza sauti, "Feza amepita! Mulete uji!" Wanawake wote waliojifungua wakaangua kicheko, nawe ukishika kikwembe na kulia, "Musinichekeshe, nitapasuka! Mama, uwaambie!" Sikuwaambia kitu. Nilikuwa nacheka kuliko wao.

Ulitembea mpaka mlangoni, kesho yake mpaka kwenye kisima cha ua. Ulinyonyesha ukiwa umelala ubavu, mtoto ametegemezwa pembeni asikupige teke tumboni. Mganga aliyekupasua alikuaga kwa maneno mawili ambayo mimi na wewe tuliyasikia kwa masikio yetu: usiinue kitu kizito kuliko mtoto wako, na mimba ijayo njoo hospitali mapema, kabla uchungu haujaanza.

Sasa nifike kwenye hasira yangu.

Nilikuwa nimekwenda kung'oa muhogo. Niliporudi, moshi ulikuwa unatoka nyuma ya nyumba, na nikasikia ukilia, kilio ambacho sikukisikia hata siku ya uchungu. Shangazi Sakina alikuwa na majirani wawili. Mmoja alikushika mabega. Sufuria la maji lilikuwa linachemka, na shangazi alikuwa anachovya kitambaa, anakikamua, anakukandamiza tumboni kwa viganja viwili na uzito wake wote.

"Mama Mwalimu, usiingie," alinizuia. "Damu mubaya imebaki mule. Sisi wote tulikandwa."

"Ninyi hamkupasuliwa."

"Tumbo ni tumbo."

"Mnafungua mshono!"

"Vitabu vyako vilizala watoto wangapi?" aliniuliza, akachovya tena.

Nilimwaga lile sufuria. Watu wa mtaa wanasema nilimwaga kwa hasira. Nilimwaga kwa akili timamu, na ningelimwaga tena leo.

Nalieleza jambo hili kwa sababu najua wanawake wengi wanalifanya kwa upendo. Mfuko wa uzazi hujikunja wenyewe baada ya mtoto kutoka, na damu iliyobaki hutoka yenyewe kwa njia yake. Haihitaji mtu wa kuisukuma. Tumbo lililoshonwa ni kama gunia la mpunga lililoshonwa mdomo: unaweza kuliweka, kuligeuza taratibu, hata kulala karibu nalo, lakini ukilikanyaga, uzi unakata nyama ya gunia. Maji ya moto yanaunguza ngozi ambayo bado haijapata hisia zake, na yanapeleka uchafu mahali ambapo mganga alihangaika kupaweka safi. Wewe hukujua hata kama umeungua mpaka malengelenge yalipopasuka.

Pembe moja ya kidonda ilifunguka. Ukarudi hospitali. Ukaoshwa kila siku, kidonda kikiachwa wazi kipone kutoka ndani kuja nje, nawe ukikiangalia kama mtu anayeangalia nyumba yake ikijengwa upya na mafundi wavivu. Shangazi alikuja kukusalimia na kusema, "Munaona? Tungemukanda mapema haingekuwa hivi." Nilimfungulia mlango atoke, mama huyu niliyekula naye tangu nilipoolewa.

Halafu likaja lile jina. Sijui nani alilianza kisimani, lakini najua lilivyokua. Mama Fermetire. Fermetire ni zipu: mwanamke mwenye zipu tumboni, anayefunguliwa mtoto akitakiwa na kufungwa tena. Wasichana wadogo walikuwa wanalisema wakicheka bila kujua ubaya wake. "Mama Fermetire, utazala lini tena? Utatuita tuvute?" Ulicheka nao mara ya kwanza. Ya pili ulicheka kidogo. Baadaye ukaanza kuchota maji jua likiwa kali, wakati kisimani hakuna watu.

Nilimwita Musafiri nikamwambia, sema neno kwa shangazi yako, sema mbele ya watu. Akaniambia, "Mama, ile ni mambo ya wanawake." Mwanangu, na wewe unasikia redio: mtoto ni wako, mke ni wako, jina lile lilitoka katika ukoo wako. Mambo ya wanawake yalikuwa yapi hapo? Kama mtu angeipa jina la kejeli pikipiki yako ungekuwa umemkamata shati. Mkeo alipofunga Riziki kifuani na kupanda pikipiki kwenda kwao Kabambare, njia ile yenye mashimo ya kumeza gurudumu, na tumbo ambalo lilikuwa ndiyo kwanza limefunga, wewe ulisema atarudi akichoka. Hakuchoka. Ulikwenda wewe kumfuata, na angalau kwa hilo nakushukuru, ingawa baada ya wiki chache kwao ulirudi peke yako.

Sasa, Feza, wale wafanyabiashara wa karanga wameniletea habari kwamba una mimba tena, na ni kubwa. Nilifurahi kwa muda wa kumeza mate. Kisha wakaniletea na maneno ya mama yako: utapelekwa kijijini kwa nyanya yako, mbali na barabara, uzae huko kwa njia ya Mungu, ili jina la Fermetire lifutwe. Na wakaniletea na maneno yako: "Safari hii nitazala kama wanawake."

Hapo ndipo nilipokukasirikia wewe. Niliwakasirikia wengine wote kwa muda mrefu, na wewe nilikuhifadhi. Leo sikuhifadhi. Kama wanawake! Na ulipolala mezani na kisu kikiingia ulikuwa nani? Ulipokohoa ukiwa umeshika kikwembe, machozi yakitoka, ukasema "Niletee mutoto anyonye," ulikuwa nani? Wanaokucheka wamekaa kwenye ndoo zao kisimani, na wewe unataka kwenda kujaribu kufa ili wakusifu.

Sikiliza vizuri, maana hili ndilo nililoandikia barua nzima. Kovu la nje unaliona, limekauka, linawasha kidogo mvua ikikaribia. Kovu la ndani, kwenye mfuko wa uzazi, hulioni. Uchungu ukija, mfuko ule hukaza kwa nguvu zake zote, tena na tena, na unavuta pale pale palipokatwa. Wako wanawake waliopasuliwa mara moja wakazaa kwa njia ya kawaida mara ya pili, siwezi kukudanganya. Lakini walizalia mahali ambapo mkunga anawatazama bila kuondoka, na chumba cha upasuaji kiko hatua chache. Kovu likichanika kijijini kwa nyanya yako, hakuna jina la mwanaume utakalotaja likakushona. Hakuna maji ya moto. Damu itakuwa ndani ya tumbo, wala hawataiona. Wataona tu umenyamaza, watasema amepumzika. Pikipiki itaitwa ukiwa tayari umepoa.

Mama yake Feza, dada yangu, nakuheshimu, nawe unanisikia. Ulimpokea binti yako akiwa na kidonda cha mwili na cha moyo, na aliyemuumiza ni ukoo wangu. Una haki ya kutotupenda. Usimwadhibu yeye kwa ajili yetu.

Na wewe, Feza, sikuambii uje Kasongo. Nilitaka hivyo, nilikuwa nimeshapanga chumba, nimeshamwambia shangazi Sakina kwamba hatakanyaga mlango wangu mpaka utakapomkubali mwenyewe. Achana na hayo. Kabambare pia kuna hospitali. Nenda wiki hii, kabla mvua haijakata njia, ukae kwa mtu yeyote wa karibu nayo. Mwambie mkunga neno la kwanza kabisa, kabla hata ya salamu: nilipasuliwa. Mwonyeshe kovu. Mwambie na la kidonda kufunguka, usimfiche. Amua pamoja nao siku ya kulala hapo. Wakisema kisu, kubali kisu. Wakisema tungoje tuone, ngoja palepale, usirudi nyumbani. Baadaye, mtu akikuletea maji ya moto, mwambie ayapikie uji.

Mtoto huyo si lazima aletwe kwetu. Mpe jina la upande wa baba yako ukitaka. Nichukie ukitaka, mimi na ukoo wangu wote, kwa miaka yote utakayoishi. Na uiishi mingi. Ninachokataa ni kusimama kaburini kwa mtu mwenye kinywa kama chako, aliyeuawa na maneno ya kisimani.

Nenda hospitali, mwanangu. Ukipona, nikemee.

Mimi mama wa mume wako,
nyanya yake Riziki