Fungu la Nassibu

Ng'ambo, Tabora
6 Machi 1971

Mwanangu Nassibu,

Salamu nyingi. Huku wazima ila msiba. Wasiwasi wetu ni wewe huko Dar es Salaam. Anayeandika ni dada yako Tatu, maneno ni yangu.

Baba yako tumemzika vizuri. Sasa tunamsomea tahalili, La ilaha illa Allah mara elfu sabini, iishe kabla ya arobaini yake. Watu wamegawana mafungu, la baba yako mdogo Selemani ndilo kubwa. Wewe nimekuwekea elfu tano. Zisome hukohuko, ukimaliza uniarifu.

Usijitese kwa kutomwahi baba. Binamu yako Abasi ametueleza kwamba alikuletea telegramu kazini asikukute, akapanda treni peke yake.

Mama yako


Dar es Salaam
20 Machi 1971

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili, moyo ndio hivyo tena. Ni kweli, Abasi hakunikuta. Siku ile nilitumwa nje.

Huku tunajifunza kuiandikia amri kompyuta, mashine ya hesabu inayojaza chumba kizima. Amri tunazitoboa kwenye kadi. Mwezi uliopita tulifundishwa kurudia. Jambo la kufanywa mara elfu huliandiki mara elfu, mama. Unaliandika mara moja, unaiambia mashine ianze na moja, kila ikimaliza iongeze moja, ikifika elfu ikome. Mara ya kwanza nilisahau kuiambia iongeze. Ikaganda kwenye moja, ikarudia na kurudia mpaka mkufunzi akaizima, na wenzangu wakanicheka kutwa.

Basi fungu langu limekwisha. Nimeiamuru iandike La ilaha illa Allah mara elfu tano, nayo haikuchoka wala kukosea. Karatasi zote zimo katika furushi hili.

Mwanao Nassibu


Ng'ambo, Tabora
9 Aprili 1971

Mwanangu Nassibu,

Salamu. Sisi hatujambo, na wewe tunakuombea afya. Furushi limefika. Yusufali wa dukani aliziona karatasi akataka kuzinunua za kufungia sukari. Nikamwambia zina jina la Mungu, haziuzwi. Kuzichoma naogopa, kuzitupa siwezi, basi ziko juu ya kabati.

Nilimuuliza Tatu, "Maneno haya kayasema nani?" Akajibu, "Mashine, mama." Nikamuuliza, "Na Nassibu je?" Akaanza kuzikunja karatasi.

Arobaini imepita. Selemani alitaka kukusomea fungu lako hesabu itimie, nikamkatalia. Tahalili ya baba yako imepungua. Sina hasira nawe, mwanangu, ila nimesikitika sana.

Mama yako


Dar es Salaam
30 Mei 1971

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya changu. Siumwi.

Nimeshika tasbihi tangu barua yako ilipofika. Mashine ikifika ya pili haina inachokumbuka cha ya kwanza ila hesabu. Mimi kila moja inanirudisha mlangoni pa kazini, Abasi amesimama na telegramu mkononi. Alinikuta, mama. Aliniambia baba yu mahututi na treni inaondoka jioni. Kesho yake tulikuwa na mtihani wa huko kurudia, na anayeshindwa anaondolewa kwenye mashine. Nikamwambia, "Tangulia, nitakufuata." Nikajidanganya kwamba baba ni mtu mgumu, atanisubiri.

Mtihani nilifaulu. Sasa nikifika hapo mlangoni napoteza hesabu, naanza upya. Mia moja sijaivuka. Hata kukuomba radhi naona haya.

Mwanao


Ng'ambo, Tabora
14 Juni 1971

Marahaba, mwanangu. Sisi wazima.

Nilijua. Abasi alinieleza yote siku aliposhuka treni. Mimi ndiye niliyemwagiza aseme hakukukuta, kwa sababu baba yako alikuwa bado hai, na kila mlango ukilia anauliza, "Nassibu huyo?" Nikamwambia baba yako kwamba Abasi hakukukuta. Akageukia ukutani, na alfajiri akafa. Mpaka leo sijui kama nilikusitiri wewe au nilimnyima yeye haki ya kukukasirikia na kukusamehe.

Kwa hiyo kilichopungua si fungu lako tu. Langu nalo silimalizi. Nikianza namwona alivyogeuka, naiweka tasbihi chini. Selemani hajui, wala Tatu hakujua mpaka sasa anapoandika, na naona analia.

Omba ruhusa kazini uje. Tutakaa chumbani kwake, mimi na wewe, tusome yaliyobaki.

Mama yako