Niliyemkaribisha kwenye Filamu

Mdogo wangu Mwanahawa,

Marahaba, najua umeniamkia kabla hata hujasoma. Kadi hii Shabani wangu aliinunua mwenyewe Ufaransa, alikosomea umeme. Nakuandikia nikiwa kwake hapa Kibaha. Mwanangu ana nyumba, wewe. Geti linafunguka lenyewe, na mgeni akibonyeza kengele sura yake inatokea kwenye simu. Anataka nihamie kwake moja kwa moja. Ila hapa hakuna anayepiga hodi.

Jana mchana kaniwekea filamu ya zamani ya vichekesho, ya Kifaransa. Maneno ni machache, kwa hiyo nilielewa yote. Bwana mmoja mnene kaingia nyumba ya kisasa, mashine zote zinamshinda. Anabonyeza apate maji, kitanda kinashuka kutoka ukutani. Nikamwambia Shabani, "Huyo ni mimi na jiko lako." Tukacheka mpaka basi.

Halafu yule bwana akatoka, mlango ukajifunga, akaanza kugonga. Mimi huyo, kwa sauti, "Karibu, pita ndani." Nilishainuka nimpishe kiti.

Shabani alicheka, kisha akasimamisha filamu. "Mama, umekumbuka nyumbani?"

Nikamwambia hapana, ni moshi tu umeniingia machoni. Jiko lake halina moshi, na alilinunua yeye.

Jumamosi ananirudisha Maneromango. Kisamvu nitatwanga mwenyewe. Wewe njoo tu, na hata ukikuta mlango uko wazi, simama nje upige hodi nikusikie.

Dada yako akupendaye,
Mama Shabani