Nimewatengenezea Kikapu, Wamehama Uani

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla ya msaada naomba radhi, maana uliponijibu kuhusu kustaafu kwangu sikurudi hata kukushukuru, nikakaa kimya muda mrefu, na leo ni shida iliyonirudisha mlangoni kwako. Mimi ni fundi mitambo mstaafu, naishi na mke wangu, binti yetu na mapacha wake, msichana na mvulana, ambao hawajaanza darasa la kwanza. Mke wangu mgongo unamsumbua, kuinama kuokota vibanio vya nguo ni adhabu kwake, basi mapacha wakaamua kumtengenezea bibi yao kikapu cha kutembea juu ya kamba ya kuanikia, wakatafuta boksi la viatu, uzi na kigurudumu cha gari bovu la kuchezea, wakafunga, wakabishana, wakafungua, na kila kilipofika kwenye fundo la katikati kikakwama, nao wakacheka na kuanza upya, hadi uvumilivu ukanishinda, na walipokuwa chekechea nikakitoa, nikaweka kikapu cha bati chenye gurudumu la chuma, nacho kinateleza vizuri sana, ingawa siku hizi mashuka yanagusa ardhi kidogo. Tangu hapo hawachezi tena uani. Nilimwuliza msichana sababu, akanijibu kwa adabu zake zote: "Hicho ni chako, Babu. Chetu kilikuwa kinakwama."

Mshauri, maneno hayo nayarudia kila nikienda uani. Binti yangu anasema nimewapora watoto, mke wangu hasemi kitu, na kimya chake kinanitisha zaidi. Niking'oe au nikiache? Nikishaamua nitakuandikia, safari hii bila kuchelewa.

Babu wa Mapacha

Mzee mwenzangu, radhi umeipata, lawama bado. Uliniandikia ukinung'unika kwamba walikustaafisha ungali na nguvu. Sasa tazama ulivyowastaafisha mafundi ambao hata meno hawajang'oa. Walikuwa kazini, wakicheka, na wewe ukaona wameshindwa.

Najua ulifanya kwa mapenzi. Lakini hayo mashuka unayoyataja kwa haraka haraka ndiyo kimya cha mkeo: chuma chako ni kizito, kimevuta kamba chini, na mama wa watu anafua mara mbili huku akikuonea haya.

Basi usiking'oe, wala usikiache kimyakimya. Waite mapacha uani, bibi yao awaeleze mwenyewe kinachomkera, awaonyeshe shuka lenye vumbi. Uliza, "Tufanyeje?" kisha kaa kitini. Watapendekeza mambo ya ajabu, yajaribuni. Bati likihitaji kukatwa, kata wewe, kwa kuwa lina makali, nao wakuonyeshe pa kukata. Wakikwama, usinyanyuke mpaka wakuite, na wakikuita fanya lile waliloomba tu.

Barua yako nitaisubiri. Ila usiniandikie umeamua nini. Niandikie wao wameamua nini.