Miaka Tisa na Farasi

Kalemie, Jumapili tarehe 27 Aprili 1975

Kwa ndugu yangu mkubwa, yaya Cyprien Mulonda, Pepa.

Yaya mpendwa,

Nakusalimu wewe kwanza kwa heshima ya mkubwa wangu, halafu Mama, halafu watoto na majirani wote wanaoniulizia. Baridi ya huko imeanza? Mguu wa Mama umepona, au bado anatembea na fimbo? Na ng'ombe, mvua za mwaka huu zimewaachia majani ya kutosha? Mimi ni mzima. Vidole vyangu vyote kumi bado ninavyo, ingawa viwili vya mkono wa kushoto vimevimba na kuwa vyeusi, na mwenye kuvivimbisha ndiye habari kubwa ya barua hii.

Najua umekaa karibu mwaka mzima bila kupata hata mstari mmoja kutoka kwangu. Shule yangu unaijua, iliishia darasa la nne, na barua ndefu inanichosha kuliko gunia la mahindi. Lakini hiyo siyo sababu ya kunyamaza kwangu. Sababu nitaifikia. Wenzangu wako kwenye misa, mimi nimekaa juu ya debe na karatasi juu ya goti.

Nilipofika hapa nilibeba magunia bandarini miezi mitano. Mgongo uliniuma mpaka nikawa nalala kifudifudi. Oktoba akaja bandarini mfanyabiashara mmoja, citoyen Ilunga (siku hizi hatuitani bwana, ila citoyen, raia), mtu mnene, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto. Serikali ilikuwa imempa shamba la mzungu aliyerudi kwao, upande wa Lukuga: nyumba, michikichi, nguruwe, mashine ya kusaga, na poni. Alikuwa anatafuta mtu wa Pepa, kwa kuwa alisikia kwamba watu wa Pepa wanajua farasi kwa sababu ya ranchi yetu. Nikanyanyua mkono.

Poni ni farasi mfupi, mgongo wake unanifika kifuani. Huyu ni wa rangi ya kahawia, tumbo kama pipa, nywele za shingo zimemfunika macho. Watoto wa mzungu walikuwa wanampanda. Walipoondoka alikaa mwaka mzima bila kazi, anakula tu, na kila aliyepita alimpa kitu: ganda la ndizi, kiazi, kipande cha muwa. Mzungu alimpa jina la Kifaransa. Citoyen alisema hakuna mnyama wa jina la kigeni atakayekula majani yake, akamwita Salongo, kama ile kazi ya pamoja tunayofanya kila Jumamosi ya kufagia barabara. Mke wake, Mama Bertille, alisema hajawahi kuona jina na mwenye jina wakichukiana hivyo.

Yaya, mimi ng'ombe nawajua. Unajua kwamba nawajua. Ng'ombe ukimvuta anabishana kidogo, halafu anakumbuka kwamba wewe ndiye mwenye chumvi. Kwa hiyo siku ya kwanza nilimwendea huyu poni kama tunavyomwendea fahali, kwa ubavu, polepole, ninapiga ule mluzi wetu, na chumvi kwenye kiganja. Alilamba chumvi yote kwa adabu. Nikajisifu moyoni. Kesho yake nikarudi bila chumvi. Alinusa kiganja, akakuta kitupu, akauma. Ndiyo hivyo vidole viwili, na wiki hii amevirudia. Tangu siku hiyo kila mkono kwake ni mfuko, na kila mfuko mtupu unaumwa.

Ukimvuta kwa kamba, anakaza miguu minne na kurudi nyuma, na wewe unaburuzwa kama mtoto wa mbuzi. Ukimchapa, anakuegemea kwenye ukuta mpaka unakosa pumzi. Ukimpanda, anakwenda vizuri mita mia, halafu anashusha kichwa ghafla kula majani na wewe unateleza shingoni mwake mpaka chini. Nimeshuka hivyo mara nyingi, yaya. Mara ya mwisho sikuinuka hata. Nililala pale kwenye majani nikimwangalia anavyotafuna, naye ananiangalia.

Lakini mateso makubwa yako kwenye reli. Kutoka shambani kwenda mjini lazima uvuke njia ya treni. Hapo anasimama. Treni haipo, watu hawapo, upepo haupo, yeye anasimama. Novemba, Desemba, Januari, kila siku nilikwenda naye mpaka reli, nikasukuma, nikavuta, nikabembeleza, nikatukana kwa Kitabwa na kwa Kiswahili na kwa yale maneno machache ya Kifaransa niliyojifunza kwa wazungu wa ranchi. Jua likishakuwa kali nilichoka, nikamrudisha nyumbani, nikamvua tandiko, nikampa pumba ili kesho awe na moyo mzuri.

Pale kwenye reli anakaa Mama Julienne, mama mmoja mjane anayeuza ndakala, vile visamaki vya ziwani, za kukaanga na muhogo. Mwanzoni alinihurumia. Kisha akaanza kunisalimu kwa kumtaja poni kwanza: alikuwa anasema habari ya asubuhi Papa Salongo, na wewe unayechungwa naye pia. Siku moja Februari aliniita, akanipa ndakala tano kwenye jani, akaniambia nikae. Alisema amenihesabu miezi mitatu. Kila siku poni anasimama, na kila siku mimi namrudisha kwenye pumba. Akasema, "Papa weye, hata mimi ningesimama. Nani njo anamufundisha mwenzake hapa?"

Nilikasirika, yaya. Nilikasirika kwa sababu ilikuwa kweli. Nilikuwa nimemfundisha kwa mikono yangu kwamba kukataa ndiyo kazi, na mshahara wake ni pumba. Kuanzia hapo nilianza kukaa naye relini mpaka saa nane mchana, bila kurudi. Siku ya sita alivuka. Mama Julienne akapiga vigelegele, poni akashtuka, akarudi upande wa kwanza mbio, mimi nikiwa bado upande wa pili.

Sasa sikia jambo lililonileta kwenye karatasi hii. Tarehe 20 Mei ni sikukuu ya chama, na citoyen Ilunga ameapa mbele ya watu kwamba ataingia kwenye gwaride juu ya farasi. Wengine watatembea kwa miguu, wengine watakuja na magari, yeye atafika mbele ya jukwaa la wakubwa amepanda. Jumapili mbili zilizopita alitaka kujaribu. Alivaa abakosti mpya, lile koti la wakubwa lisilo na tai, na kofia. Nilimfunga poni mkanda wa tandiko kwa nguvu zangu zote, mpaka tundu la mwisho, nikatia kidole, hakikupita. Tulifika relini, na kwa mara ya kwanza bila ugomvi akavuka. Citoyen akaanza kuwapungia watu mkono. Hapo nikaona tandiko linaanza kwenda upande. Lilikwenda polepole, yaya, na citoyen akaenda nalo, bado anapunga, mpaka akawa amelala hewani kama mkungu wa ndizi, halafu akaanguka mbele ya meza ya Mama Julienne. Mwanamke mmoja akamuuliza kwa heshima zote, "Citoyen, njo upande gani wakubwa wanashukaga?" Watu wote wa pale wakalia kwa kicheko. Mama Bertille, aliyekuwa ametufuata, alijifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika.

Niliutazama mkanda. Ulikuwa unaning'inia. Poni alikuwa amevuta pumzi na kulijaza tumbo wakati namfunga, akangoja nimalize, kisha akalipunguza. Nilimfunga tena nikamtazama vizuri: alifanya vilevile, na macho yake yako mbali kama mtu anayesali.

Citoyen aliniita kwenye biro, ile ofisi yake, jioni ile, suruali bado ina vumbi. Alisema kama tarehe 20 Mei hatafika mbele ya jukwaa juu ya poni huyo, tarehe 21 poni anakwenda kwenye sufuria ya wanajeshi, na mimi nitakwenda kwa jandarma, nifungwe. Akaniuliza, miaka tisa niliyokaa na farasi wa ranchi nilikuwa nafanya nini nao, nilikuwa nawapikia? Usishangae bado, yaya, kuhusu hiyo miaka tisa. Nakuomba usome mpaka chini.

Wiki iliyofuata nilianza kukuandikia. Ile barua ya kwanza ilikuwa fupi na ya uongo. Nilitaka kukuuliza, kama vile nauliza kwa niaba ya rafiki, mtu anamfungaje poni anayejaza tumbo, na anamzuiaje asiume. Nilitaka unipe ujuzi wako bila wewe kujua unampa nani. Jumanne nikaenda bandarini na barua hiyo kumtafuta Onésime, jirani yetu wa zamani anayefanya kazi kwenye meli ya Moba. Ndiye aliyenipa habari za nyumbani. Aliniambia kwamba mkubwa mpya wa ranchi atachukua watu mwezi wa saba, wenye vyeti peke yao, na kwamba wewe hukuona cheti chako. Aliniambia kwamba ulimshika Générose, mke wako, ukasema alikiwashia moto, ukasema mwanamke anayechoma miaka tisa ya mtu hawezi kulala chini ya paa lake. Aliniambia Générose yuko kwa baba yake Moba tangu Februari, na mtoto mdogo, na kwamba aliapa mbele ya padri na hukumsadiki.

Yaya, Générose hakuchoma kitu. Cheti nilikichukua mimi.

Asubuhi niliyoondoka, wewe ulikuwa umepeleka ng'ombe kwenye josho. Générose alinipikia uji, akanifungia viazi vya njiani. Alipokwenda kuchota maji nilifungua lile kopo la maziwa unamoweka karatasi zako, nikachukua cheti alichokuandikia mzungu wa ranchi: Cyprien Mulonda, miaka tisa na farasi, mtu wa kuaminika. Nilijiambia mjini hawampi kazi mtu asiye na karatasi. Nilijiambia nitakirudisha kabla hujakitafuta. Kisha akarudi na maji, akaniombea safari njema, na mimi nikamwitikia amina, karatasi ikiwa kifuani.

Oktoba nilimkabidhi citoyen karatasi hiyo, na tangu hapo jina langu hapa lilikuwa lako. Waliniita Mulonda. Citoyen aliniita Mulonda, Mama Julienne aliniita Papa Mulonda alipokuwa na huruma. Ndiyo maana sikuandika. Kila nilipotaka kuweka jina chini ya barua, mkono ulikuwa unakataa kama huyu mnyama relini.

Sikukaa siku ya pili na jambo hilo moyoni. Jumatano asubuhi nilikwenda kwenye biro ya citoyen kabla hajanywa chai, nikamwambia mimi si Mulonda, mimi ni mdogo wake, nawajua ng'ombe tu, na nikaomba anipe cheti nikirudishe. Alinitukana kwanza, na haki yake. Kisha akaanza kukigonga cheti juu ya meza. Akauliza, huyo Mulonda wa kweli anajua kweli kufunga mkanda? Nikasema anajua. Akasema, "Basi aje. Karatasi inabaki hapa mpaka mwenyewe aje kuitwaa kwa mkono wake, na weye unabaki hapa pamoja nayo." Chumbani kwangu amenitoa. Nalala kwenye ghala la pumba na mchana nalisha nguruwe na poni. Sijafungwa, ninaweza kutoroka, lakini nimeamua kukaa, kwa sababu nikitoroka, atakayetafutwa kwa jina Mulonda atakuwa wewe.

Ulidhani nitakwambia kwamba tangu niseme ukweli poni amekuwa mpole. Jana ameniuma bega.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili, na la kwanza si poni. Barua hii Onésime ataishusha Moba, lori la ng'ombe litakuletea. Lakini nimemwomba, kabla hajampa dereva, apite kwa baba yake Générose na aseme kwa mdomo wake, mbele ya mzee na mbele ya Générose, kwamba cheti nilikiiba mimi, Urbain, na kwamba Urbain mwenyewe ndiye aliyemtuma kusema. Aliniahidi. Saa hii unaposoma, yaya, Générose anajua tayari. Anajua pia kwamba na wewe umekwisha kujua. Amekaa pale anangoja kuona utamjia na uso gani, na utachukua siku ngapi.

La pili ndilo hili: ukitoka kwao, panda meli, uje Kalemie uchukue cheti chako. Mwezi wa saba uko mbali bado, utawahi ranchi. Ukitaka kunipiga, nipige hapa, sitainua mkono. Ukitaka kumwona poni, mwone. Ukiweza kumfikisha mbele ya jukwaa, hataingia sufuriani, na ningefurahi, maana nimemchukia miezi sita lakini yeye hakumwibia mtu. Usipotaka, chukua karatasi yako urudi juu Pepa na mke wako. Mimi na citoyen tutamalizana.

Msomee Mama barua hii, lakini ile sehemu ya jandarma uiruke. Wasalimie watoto, na yule mdogo aliye Moba umbebe kwa niaba yangu kama mama yake atakuruhusu. Mungu awalinde wote barabarani na ziwani.

Ukinijibu, juu ya bahasha andika jina nililopewa na baba yetu. Hapa sasa wote wanajua ni la nani.

Mdogo wako aliyekukosea,

Urbain Kaomba