Nyama Aliyotugawia Nyanya

Kwa jina la Mungu anayewaruzuku wazee na watoto.

Mjukuu wangu Abdi, amani ikufikie huko Namanga. Sisi wa Kitengela tu wazima, ingawa mvua imetunyima na mbuzi wamekonda.

Umeuliza kwa nini siku hizi maini ninayokula husagwa kama chakula cha mtoto, nami sioni haya. Nilipokuwa kijana, nyanya yangu alitugawia nyama yake yote.

“Kuleni, nyinyi mnakua. Mimi chai yanitosha.”

Tulimsifu kwa ukarimu. Kumbe meno yalikuwa yamekwisha, naye aliona haya kusema. Akapauka, akapepesuka, hatimaye nyayo zikafa ganzi. Sote tulisema, “Ni uzee tu.”

Daktari wa Kajiado alipompima alisema damu imekosa madini na vitamini kwa muda mrefu. Akatuuliza, “Huyu mama hula nini?” Tukajibu, “Chai,” sisi tuliokula naye sinia moja. Hakupona.

Mama yako ameniambia kwa simu kwamba hana tena hamu ya nyama wala mboga. Keti ule naye, umtazame anapotafuna.

Mungu awahifadhi wote walio chini ya paa lako, awape riziki ya halali na nguvu ya kuila. Amina.

Babu yako