Nestor Hakorimana, Mtunza Sungura, na Jibu Tulilomnyima

Mwaka mmoja umetimia leo, tarehe 14 Septemba 1957, tangu ulipofumba macho kule Kashebere, mbali na kilima chetu cha Bihambwe ulikozaliwa. Tumeomba misa kwa ajili yako, nasi familia yako tumeketi pamoja kuandika maneno haya. Kalamu tumempa mdogo wako Athanase, kwa sababu yeye ndiye mwalimu, na kwa sababu liko jambo ambalo yeye na mkewe Jeannette peke yao walilijua. Kabla hujafa ulimwuliza swali moja, naye hakukujibu. Leo ataandika jibu. Ameomba tu aruhusiwe kusimulia kwa mpangilio, kama anavyozoea ubaoni, maana akianza na mwisho mkono wake hautamtii.

Ulikuwa mtu wa mikono yenye joto, Nestor. Mama Nyiramana anasema hata asubuhi za ukungu, ulipomshika mkono kumwamkia, alisahau kwamba ni Masisi ya milimani na kwamba ni Julai ya baridi. Kwa joto hilo ulipata kazi ambayo hakuna mtu wa kilima chetu aliyeielewa vizuri.

Ilikuwa katika ile nyumba ndefu ya mabati, juu ya malisho, ambako Docteur wa wanyama alifuga sungura weupe na wa kijivu ili achunguze jinsi mimba inavyoanza. Kila kizimba kilikuwa na kikaratasi, na juu yake uliandika kwa penseli siku na saa ambayo dume aliingizwa. Hukumaliza mwaka wa tatu wa shule, lakini saa zako hazikukosewa hata mara moja. Docteur mwenyewe, akitaka kujua kama yai limekwisha kugawanyika, aliuliza kikaratasi chako kabla ya kuinamia hadubini.

Mayai hayo yaliogopa baridi. Docteur alipoyatoa katika mirija ya mama mweupe na kuyaweka ndani ya kichupa chenye maji ya uvuguvugu, wewe ndiye uliyekichukua kutoka nyumba moja hadi nyingine. Ulikibana kwapani chini ya shati, ukatembea polepole bila kufungua mdomo. Watu walikusalimu njiani nawe hukuitika, wakakasirika, halafu wakazoea wakaanza kucheka: "Muache, mukunga wa sungura iko anapita na mimba mu kwapa." Jioni ulirudi kwa kila mmoja uliyempita, ukamsalimu upya kwa jina lake na majina ya watoto wake. Mama Mukasine, jirani yetu, alikuwa akikungoja mlangoni makusudi, kwa sababu alisema salamu yako ya pili ilikuwa ndefu kuliko ya watu wote.

Siku moja ya Dominika, baada ya misa, ulimpeleka Athanase akaone. Yeye alikuwa ametoka chuo cha ualimu na cheti chake, na wewe ndiye uliyembebea sanduku kichwani siku alipokwenda huko. Ulimwonyesha pahali pa kuweka jicho.

"Funga ile ingine. Njo vile, hivyohivyo. Unaona nini?"

"Naona kitu ya mviringo, katikati iko na mustari."

"Njo yai. Juzi ilikuwa moja. Jana asubuyi, mbegu ya dume ikakuwa ndani. Sasa iko mbili. Ukirudi kesho utakuta ine, kisha munane, mpaka inafanana na tunda ya mukerere, ile ya vitone-vitone bimebanana."

"Kaka, sungura iko na mayai? Kesho utaniambia iko na mabawa."

"Weye mwalimu, unafundishaka batoto vitu hujaona."

Mlicheka wote wawili. Halafu ulimweleza jambo ambalo Docteur alikuwa akilitayarisha. Mayai ya mama mweupe aliyepandishwa na dume mweupe, yakiwa bado madogo kuliko chembe ya chumvi, yangehamishiwa katika tumbo la mama wa kijivu. Huyo wa kijivu angepandishwa kwanza na dume aliyefungwa mishipa, asiyeweza kuzalisha, ili tumbo lake lijiandae kama la mwenye mimba. Ikiwa watazaliwa weupe, itajulikana kwamba mtoto anatoka na rangi yake ndani ya yai, na tumbo linamlea tu.

Athanase hakusadiki. Vitabu vyake vilisema kila mnyama huzaa wa namna yake, naye alipenda mambo yakae kila moja pahali pake. "Muke wa kijivu atazala ya kijivu," alikuambia.

"Nikipanda kiazi yangu mu shamba ya Mama Mukasine," ulimjibu, "itatoka maharagi?"

Kesho yake Athanase alisimulia habari hiyo darasani kama kichekesho, wanafunzi wakacheka, naye akawaacha wacheke. Hilo pia hukuwahi kulijua.

Mwezi wa Machi 1953, wa kijivu wawili walipewa mayai. Mmoja alikufa. Aliyebaki alikuwa katika kizimba cha saba, na siku ya ishirini na tisa ya mimba ulitumwa Kirotshe kwa kamyo la mizigo kuleta chupa za dawa ya kulaza wanyama. Ufunguo hukutakiwa kumpa mtu. Ulimpa mdogo wako, kwa sababu ulisema katika kilima kizima hakuna mtu wa utaratibu kama yeye.

"Maji na majani tu, Athanase. Wa saba usimuguse. Bado siku mbili."

"Ndiyo, kaka."

Saa nne ya asubuhi hiyo, Inspecteur wa shule alifika bila barua. Aliangalia madaftari, akasikiliza hesabu, akasema atakula saa sita pamoja na mwalimu. Nyumbani kwa Athanase kulikuwa na maharagi na viazi. Yeye aliona haya kumwekea mgeni huyo maharagi. Alikumbuka kwamba sungura wa kijivu waliozeeka waligawiwa wafanyakazi wakale, na hapo akajitengenezea hoja nzuri: weupe ni wa Docteur, wa kijivu ni nyama. Alijihesabu kuwa mwaminifu kwa kutogusa weupe.

Akaingia na ufunguo wako. Akachagua aliyenona kuliko wote.

Anataka ujue kwamba kikaratasi alikisoma. Kilikuwa na mwandiko wako: mayai sita, ya mweupe. Alikisoma kama mtu anavyosoma hadithi. Ndani ya kizimba kulikuwa na manyoya mengi, kwa maana yule mama alikuwa amejinyonyoa tumbo ili awatandikie watoto wake. Athanase aliona ni uchafu. Kabla ya kuondoka aliyazoa yote na kufagia kizimba kikawa safi.

Jikoni Jeannette alimpasua yule sungura, akaita. "Papa Athanase, kuya uone. Huyu alikuwa karibu kuzala. Bako sita."

Athanase alisimama juu ya beseni. Aliangalia kwa muda mrefu, hata akasahau kwamba mgeni yuko sebuleni. Baadaye alichukua jembe, akawafukia nyuma ya jiko.

"Usiambie muntu," alisema.

"Hata kaka Nestor?"

"Yeye njo wa kwanza."

Ulirudi saa nane, mapema kuliko tulivyotazamia. Ulipitia vizimbani, ukatoka hapo ukaja moja kwa moja kwa mdogo wako, ukasimama mlangoni na vumbi la Kirotshe mabegani. Inspecteur alikuwa bado mezani. Athanase akasema kwa Kifaransa kizuri kwamba huyu ni kaka yake anayetunza sungura wa Docteur. Mgeni akafurahi, akasifu mchuzi, akasema Jeannette akuletee sahani.

Uliangalia sahani ya mgeni, kisha ya mdogo wako. "Asante, Monsieur l'Inspecteur," ulisema. "Nimekula njiani." Ukachukua ufunguo uliokuwa juu ya kabati, ukaaga kila mtu, na Jeannette pia, ukaondoka.

Asubuhi iliyofuata Docteur alikuita mbele ya wafanyakazi wote. Alikuuliza ufunguo ulikuwa kwa nani. Ukajibu kwamba ufunguo ni wako, na kwamba kizimba kilikuwa mikononi mwako. Hukuongeza neno. Katika kitabu chako cha kazi likaandikwa neno ambalo baada yake hakuna shamba la chai wala la kahawa lililokuchukua tena: mwizi. Athanase alipita njia ya juu saa hiyohiyo akiona umesimama katikati ya duara la watu. Ilikuwa karibu saa moja na nusu. Akaenda kupiga kengele ya darasa, kwa sababu ndiyo saa ya kengele.

Miezi mitatu baadaye ripoti ya Inspecteur ilifika, ikisifu utaratibu wa shule, na Athanase akafanywa directeur, mkuu wa shule hiyo. Wewe ulikuwa umekwisha kushuka Kashebere kwa wakwe zako, ukilima msituni pamoja na mkeo Verdiane na kuuza mawese kwa watu wa kamyo. Kwenye harusi na matanga ya Bihambwe tuliambiana kwamba uliharibikiwa na tamaa ya nyama. Sisi ndugu zako tulisema hivyo, Nestor. Athanase alikuwa ameketi kati yetu, akasikia, akaomba chumvi.

Alikutembelea mara moja tu, wiki tatu kabla ya kifo chako, wakati kifua kilipokuwa kimekwisha kukulemea. Verdiane aliwaletea chai. Uliongea juu ya mvua na juu ya binti yako Geneviève. Halafu ukaweka kikombe chini.

"Athanase, nikuulize neno moja. Bale batoto balikuwa rangi gani?"

Hukuuliza kwa nini alifanya. Hukuuliza kwa nini alinyamaza. Miaka mitatu na nusu ulikuwa umebaki na hilo tu, kwa maana Docteur alirudi kwao bila kujaribu tena, na mtu mmoja pekee chini ya mbingu aliyeweza kukuambia kama kazi ile ilifaulu alikuwa ameketi mbele yako na kikombe cha chai yako mkononi.

"Batoto gani, kaka?" alisema Athanase.

Ulimwangalia, ukacheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi. "Hapana kitu. Kunywa chai. Mwalimu atachelewa kamyo."

Naye aliwahi kamyo.

Wiki iliyopita, tulipokutana kupanga misa hii, Athanase alisimama akaeleza yote, na Jeannette akathibitisha. Mama Nyiramana alijifunika uso. Verdiane alisukuma sahani yake pembeni.

"Miaka mine na nusu nimekuwa muke wa mwizi mu kinywa ya bantu," alisema. "Njo unanieleza leo, kwa kuwa tuko tunachagua nyimbo?"

Athanase alipiga magoti, akaanza kumwomba msamaha.

"Simama. Haukuniuliza mimi, alikuuliza yeye. Andika kwa Nestor. Na uandike rangi."

Basi tunaandika. Barua ya kukiri imekwisha kwenda kwa Docteur huko Ulaya, nakala yake kwa ofisi ya territoire, ya wilaya yetu, kuomba lile neno lifutwe katika kitabu chako. Athanase ameandika pia kwa wakubwa wa shule kwamba cheo chake kilipikwa katika chungu kilekile, nao waamue. Dominika hii, baada ya misa, atasoma karatasi hii kwa sauti mbele ya Wakristo wote wa Bihambwe, na Dominika ijayo kule Kashebere, ambako watu walikupokea bila kuuliza kitabu.

Na jibu ni hili, kaka. Walikuwa weupe. Ngozi yao ilikuwa ya waridi, bila doa la kijivu hata moja, na kwa mmoja, aliyekuwa mkubwa kuliko wenzake, manyoya yalikuwa yameanza mgongoni, mafupi sana, meupe kabisa. Walikuwa sita, kama ulivyoandika. Hakuna yai hata moja lililopotea kutoka kwapani mwako mpaka tumboni mwa yule mama.

Wanaokukumbuka ni mama yako Nyiramana, aliyeomba mwili wako uletwe siku moja Bihambwe. Watoto wako Geneviève na Benoît, ambao kuanzia leo wamejua baba yao alikuwa nani. Shemeji yako Jeannette. Na mjane wako Verdiane, ambaye hajasema kama amesamehe, nasi hatumwulizi. Jina la mdogo wako Athanase limewekwa mwisho kwa ombi lake mwenyewe.

Siku zote zitakazotubakia hapa duniani tutakutaja, Nestor, na tutakutaja kwa haki.